Naomba ushauri: mjukuu wa kwanza na wifi mkubwa

Habari zenu wapendwa. Nimepata mjukuu wa kwanza, ana wiki 7, chanjo za wiki ya 6 kashapata. Jumapili ukoo wa mume wangu unakutana Kimara, watu kama 60, na joto hili la Dar mnalijua. Mkwe wangu hataki mtoto abusiwe wala apitishwe mkono kwa mkono. Namwelewa kabisa. Kazi ipo kwa wifi yangu mkubwa: kila kichanga lazima ampokee yeye, amtemee mate kidogo utosini kumbariki, kisha ampake wanja. Mpwa wangu alimkatalia, kanuniwa mpaka leo! Nimpigie simu mapema, au nimng'ang'anie mtoto kwenye kanga yangu siku nzima?