Nimeifuta jupyter kwa pip, mbona bado inafunguka?

Fundi_Tungule: Wakuu habarini. Natumia Ubuntu 22.04, diski imejaa. Jupyter, ile programu ya kuandika na kuendesha kodi kwenye kivinjari, siihitaji tena. Nimeandika `pip uninstall jupyter` (pip ndiyo inayoweka na kutoa pakeji za Python), ikajibu imefanikiwa. Ila `pip list` bado inaonyesha notebook, ipykernel, tornado, pyzmq na ukoo mzima. Nikiandika `jupyter notebook` inafunguka kama kawaida! Nifute moja moja?

kibopa_wa_code: Fomati mashine 😂

Mzee_wa_Terminali: Mkuu, pakeji inayoitwa jupyter ni kasha tupu, kazi yake kuvuta pakeji nyingine. Umetupa kasha, vilivyomo vimebaki. Hata ile amri ya `jupyter` inaletwa na jupyter_core, sio hiyo uliyofuta.

Pip huondoa ulichokitaja tu. Kila pakeji ina faili la RECORD ndani ya folda yake ya dist-info, limeorodhesha mafaili iliyokuja nayo, na pip hufuata orodha hiyo. Vilivyozaliwa baadaye, kama mipangilio yako ndani ya `~/.jupyter`, havimo. Futa kwa mkono.

Binti_Kisauni: Kwani pip haina kitu kama autoremove ya apt (kisakinishi cha Ubuntu), inayotoa pakeji zisizohitajika tena?

Mzee_wa_Terminali: Yenyewe haina, dada. Kuna pip-autoremove, unaiweka kando. Mimi napenda pipdeptree, inachora nani anamtegemea nani, halafu naamua mwenyewe.

mama_seva: Ngojeni kwanza, asije akavunja mfumo. Kwenye 22.04 `pip list` inachanganya na pakeji za Python zilizoletwa na apt, na Ubuntu yenyewe inazitumia. Hizo usiziguse, na usiandike `sudo pip` (pip yenye mamlaka ya msimamizi) kabisa. Tumia:

`pip list --user --not-required`

Hapo unaona zako tu, tena zile zisizotegemewa na nyingine. Toa usizozihitaji, rudia amri, zitajitokeza zilizokuwa chini yake. Ukimaliza piga `pip check`, itakuambia kama kuna pakeji inayokosa inachokitegemea. Na kama shida ni nafasi, anza na `pip cache purge`, inafuta kashe, yaani mafaili ambayo pip imeyahifadhi baada ya kupakua.

Kazi ijayo tengeneza folda yake ya pekee ya pakeji kwa `python3 -m venv`. Ukiichoka unafuta folda nzima, habari imekwisha.

Fundi_Tungule: Asanteni sana. Kashe ndiyo ilikuwa imekula nafasi kubwa kuliko zote! Ila `pip check` imelalamika, bokeh (pakeji ya kuchora grafu) inataka tornado, nami bokeh naitumia kila siku. Tornado nimeirudisha. Hivi pip haikuweza kunionya kabla ya kuifuta?

Mzee_wa_Terminali: Haionyi.