Watoto wangu na bowa (uyoga) wa porini: nianzie wapi?

Mama wa Ruashi: Wapendwa, nina watoto wawili, miaka 7 na 10. Mvua ikirudi Novemba watataka tena kwenda porini upande wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, kuokota bowa na wenzao. Niwafundishe vipi kujua upi unalika na upi unaua?

Yaya Kampemba: Nyanya yangu alinifundisha aina moja msimu mzima. Mwaka wa kwanza chitondo tu, ule wa manjano. Nikichanganya na mwingine, anamwaga kitunga chote. Nililia sana, lakini mpaka leo sijasahau.

Fundi Katuba: Sumu iko hata uani. Mwanangu alitia mbegu za mbono mdomoni, zinapendeza kama shanga. Nilizitoa kwa kidole, mbono nikaung'oa siku hiyo hiyo.

Mwalimu Kipushi: Mama, umesema "tena". Msimu uliopita kulitokea nini?

Mama wa Ruashi: Januari mkubwa alileta bowa mweupe, akasema ni tente, ule unaolika. Niliuchemsha na kitunguu kupima sumu, hakikugeuka cheusi, wakala na bukari (ugali). Alfajiri mdogo akatapika sana. Kesho yake alikuwa anacheza. Baba yao hajui. Lakini mkubwa sasa ana jicho la kuona bowa, na bowa ndio unaotununulia madaftari.

Mwalimu Kipushi: Kitunguu hakitambui sumu, mama! Na ile mbaya kuliko zote haiishi kwa kuchemshwa. Tente ina kifuko shinani, na bowa wanaoua wanacho pia, kwa hiyo mtoto asiiguse. Matapishi yakichelewa saa 6 au zaidi baada ya kula, kimbilia hospitali na mabaki ya chakula. Mtoto anaweza kuonekana amepona, kumbe ini linaharibika.

Kijana wa Kenya: Mimi siamini. Sahani moja, augue mmoja? Na tuko Agosti, vumbi tupu, nani analilia bowa? Hadithi ya kutunga hii.

Mama wa Ruashi: Mkubwa naye tumbo lilimuuma. Alificha, kwa sababu ndiye aliyeokota. Aliniambia juzi tu, ndiyo maana nauliza Agosti.

Fundi Katuba: Kijana, mwombe mama radhi.

Yaya Kampemba: Mama, mvua ikianza mtafutie mkubwa mama mzee anayeokota na kuuza miaka yote. Afuatane naye, ashike shina zima mpaka chini. Peke yao na wenzao, hapana.

Mama wa Ruashi: Na madaftari ya Septemba?