Dawa "ile kali" ya nyanya: niendelee kuuza mzigo uliobaki au niutoe shelfuni?

MamaPembejeo_Ilula

Habari za jioni wakulima, na shikamooni wakubwa.

Nina duka la pembejeo hapa Ilula, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa mjini. Wateja wangu karibu wote ni watu wa nyanya. Msimu ukikolea, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi dirishani pamejaa vijana wenye mabomba mgongoni, na ombi ni moja: "Mama, nipe ile kali."

Ile kali ni dawa ya maji ya klorpirifosi. Kwenye lebo utaona "chlorpyrifos" kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, na majina ya biashara ni mengi, kila msambazaji na lake. Majuzi dalali mmoja anayepeleka vitunguu vya Ruaha Mbuyuni hadi Nairobi alipita kununua kamba, akaiona, akasema hiyo imekatazwa dunia nzima na Kenya wanasafisha maduka yao. Nikampigia msambazaji wangu. Akaniambia hayo ni maneno ya washindani, niendelee kuuza, na nikichukua katoni nyingine atanipunguzia bei. Maneno ya dalali yalinitia wasiwasi, lakini punguzo hilo lilinitia wasiwasi zaidi.

Ninayoyaona barazani ndiyo yanayoniumiza. Mtu ananunua chupa, anaifungua hapohapo, anapima kwa kizibo. Vizibo vitatu, wakati mwingine vinne, kwa bomba moja. Akimaliza, kizibo anakifuta kwenye suruali, halafu mkono uleule unapokea andazi. Wengine wananiomba niwapimie kidogo kwenye chupa ya maji ya kunywa kwa kuwa hawana hela ya chupa nzima. Hilo sijawahi kukubali na sitakubali, kwa sababu chupa hiyo ikifika nyumbani mtoto hajui kuwa si maji. Kuna mama mmoja mteja wangu anapulizia na mwanawe mchanga yuko mgongoni. Nimemsema, akanijibu, "Sasa nimwache na nani?"

Naomba anayejua anisaidie. Hii dawa imekatazwa kweli au la? Na kama nikiitoa, mkulima akija analia kantangaze, yule mdudu anayekausha nyanya, amemmaliza, nimpe nini? Sitaki kusema "hakuna" halafu avuke barabara akainunue duka la pili.

Kimasihara_Ngarenanyuki

Dada pole kwa mawazo. Mimi nalima nyanya Ngarenanyuki huku chini ya Mlima Meru, nami naomba tuambiane ukweli wa shambani.

Kabla ya 2014 huku hatukumjua kantangaze. Alipoingia, shamba lililokuwa linapendeza lilikauka kama limepitiwa na moto, na nyanya zilizobaki zina matundu, hakuna tenga linalonunulika. Watu walikuwa wamekopa mbegu, wamekopa mbolea, wamekodi shamba na mashine ya maji. Ndipo tukaanza kuchanganya dawa mbili, tatu kwenye bomba moja. Hatukufanya hivyo kwa ujinga. Tulikuwa tunazama.

Sasa ukimwambia mkulima dawa fulani imezuiwa na humpi nyingine anayoimudu, atavuka Namanga kuitafuta, au ataletewa usiku bila lebo kabisa. Hizo dawa mpya, chupa ya mililita mia moja inaweza kuzidi bei ya lita nzima ya ile kali. Nina watoto, naitaka afya. Lakini nani anafidia hiyo tofauti ya bei? Hilo ndilo swali langu kwa wanaotunga masharti.

MganiMstaafu

Marahaba Mama Pembejeo. Nilikuwa bwana shamba mpaka nilipostaafu, nitajibu kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Dalali wako amepatia nusu. Mei 2025 huko Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuondoa kemikali za sumu zinazodumu, na Tanzania imo, ziliiweka klorpirifosi kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa kabisa, zikaacha nafasi ya muda kwa baadhi ya matumizi yaliyotajwa. Endosulfani iliingia orodha hiyo mwaka 2011. Wazee wa pamba na kahawa wanaikumbuka vizuri, ilinuka shamba zima. Umoja wa Ulaya wenyewe ulikataa kuipa klorpirifosi kibali kipya Januari 2020, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa ubongo wa mtoto, aliye tumboni na anayekua. Kwa hiyo yule mtoto wa mgongoni uliyemtaja ndiye hasa aliyefikiriwa.

Lakini mkataba haufungi duka. Unaibana nchi, na nchi ndiyo inatekeleza kwa sheria yake. Kwetu ni Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na msimamizi ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, pale Ngaramtoni, Arusha, ilipokuwa TPRI, taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu. Kenya wana bodi yao, na mwaka 2025 waliondoa sokoni makumi ya bidhaa na kuziwekea masharti nyingine zaidi ya mia moja. Huko bidhaa ikitolewa, wafanyabiashara wasio waaminifu huwaza kuisogeza upande wa pili wa mpaka. Punguzo la ghafla kwa dawa ambayo nchi nyingine zinaiondoa ni jambo la kuliogopa, na umefanya vema kuliogopa.

Kwa hiyo msambazaji si wa kumuuliza. Geuza chupa utafute namba ya usajili. Viuadudu huanza na herufi IN, dawa za ukungu FU, viuagugu HE. Chukua namba hiyo uilinganishe na orodha ya TPHPA iliyo hai leo, siyo kitabu cha miaka mitatu iliyopita kilichobandikwa ukutani. Namba haimo, dawa haiuzwi, hata kama chupa inang'aa. Ikiwemo, soma imesajiliwa kwa zao gani na mdudu gani. Hapo ndipo maduka mengi yanapokosea: dawa imesajiliwa kwa mchwa au kwa kahawa, inapelekwa kwenye nyanya itakayokatwa kachumbari keshokutwa. Hilo ni kosa hata kama dawa yenyewe haijaguswa na marufuku yoyote.

Watu pia wanachanganya kukatazwa na kuwekewa masharti. DDT kwenye mkataba huohuo haikufutwa moja kwa moja, ilibanwa ibaki kwa wadudu waenezao magonjwa tu, kama mbu wa malaria. Na mwaka huohuo wa 2025 Mkataba wa Rotterdam uliingiza karbosulfani pamoja na fenthioni, ile nzito inayopuliziwa kwelea kwelea kwenye mpunga na mtama. Maana yake si kwamba imepigwa marufuku. Maana yake ni kwamba nchi haitakiwi kuletewa mzigo huo bila kwanza kupewa taarifa zake na kusema inaukubali au inaukataa. Ndiyo faida ya nchi kuwa na mamlaka inayofanya kazi: bila hivyo, kinachokataliwa kwingine kinaishia kwetu.

Ndugu yangu wa Ngarenanyuki, maumivu yako nayajua, na swali lako la bei ni la haki kabisa. Wanaozuia dawa wanapaswa kuhakikisha mbadala unafika vijijini kwa bei inayoshikika, na hapo bado. Ila tupige hesabu vizuri. Kiwavi wa kantangaze anakaa ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini. Mwangalie: pasua lile baka jeupe kwa kucha utamkuta mle, mdogo, kijani kibichi, kichwa cheusi. Klorpirifosi ukiimwaga juu inawamaliza kwanza buibui, nyuki na vidudu vinavyokula mayai yake. Yeye yuko ndani anakula. Na sehemu nyingi duniani ameshazoea dawa za kundi hilo, pamoja na zile za pareto za kiwandani. Ndiyo maana unajikuta unapiga mara tatu kwa wiki. Chupa ni rahisi, msimu ni ghali.

Mama, ukija kuulizwa, anza na mtego. Kile kijiwe cha mpira chenye harufu ya jike kinaning'inizwa juu ya beseni la maji yenye sabuni, madume yanakuja yenyewe yanazama. Mtego unakuambia lini wadudu wamepanda, ili mtu apulizie kwa sababu na siyo kwa hofu. Mkulima akate majani yenye mabaka mapema na kuyatoa shambani. Baada ya kuvuna ang'oe mabaki yote ayafukie, maana shamba lililotelekezwa la jirani ndilo linalomlisha kantangaze wa msimu ujao. Asifuatishe nyanya na viazi mviringo au bilinganya, ni chakula kilekile. Dawa akifikia kuhitaji, ziwepo zinazoingia ndani ya jani au zinazomkuta kiwavi anapokula: klorantraniliproli, spinosadi, abamektini, azipokezane kundi kwa kundi. Abamektini nayo ina sumu ya kutosha, asiichukulie kirahisi. Na kwa kila moja aheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo.

Muuguzi_wa_Zamu

Naongeza machache ya upande wetu, nipo wodi ya dharura.

Msimu wa dawa tunapokea vijana wanaotokwa jasho na mate mengi, wanatapika, misuli inachezacheza, ukimulika jicho mboni imebana kama tundu la sindano. Hizo dawa za kundi la klorpirifosi zinazuia kimeng'enya kinachozima ishara ya neva, hivyo mwili unabaki umewashwa tu, mapafu yanajaa majimaji. Tunatibu kwa atropini, na wengi wanaofika mapema wanapona. Wanaochelewa ni wale waliolazwa chini ya mti wakanyweshwa maziwa.

Ndugu zangu, maziwa hayatoi sumu hiyo. Haijaingia kwa mdomo peke yake, imeingia kwenye ngozi kupitia shati lililolowa bomba lilipovuja mgongoni. Mvueni nguo, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, mleteni haraka, na mje na chupa au hata lebo iliyochanika. Mtu akija na lebo tunajua kundi la dawa tangu mlangoni.

Tena naomba mnisikilize kuhusu parakwati, ile ya magugu. Hiyo haina dawa ya kuigeuza. Funda dogo linatosha, na mgonjwa anakaa siku kadhaa akili timamu huku mapafu yanakauka. Ulaya ilisimama kutumika mwaka 2007 baada ya mahakama yao kubatilisha kibali chake, ingawa kiwanda cha Uingereza kiliendelea kwa miaka mingi kuitengeneza kwa ajili ya kuuza nje. Inaniuma kila nikifikiria hilo.

Anayesema masharti ya serikali hayasaidii aangalie Sri Lanka. Kati ya 2008 na 2011 waliondoa parakwati, dimethoati na fenthioni hatua kwa hatua, baada ya kuwa wameshaondoa nyingine kali miaka ya nyuma. Vifo vya watu kujiua kwa sumu za shambani vilishuka sana, na mavuno ya mpunga hayakuporomoka kwa sababu hiyo. Wasichanganye na lile la 2021 walipozuia mbolea na dawa zote za viwandani kwa mkupuo mmoja, wakalazimika kurudi nyuma kabla mwaka haujaisha. La kwanza lilichagua sumu mbaya kabisa na kuacha nyingine. Hilo la kwanza ndilo ninalolitamani hapa kwetu, lifike mpaka dirishani kwa Mama Pembejeo.

Kimasihara_Ngarenanyuki

Nesi asante, la shati nalichukua kwa uzito. Bomba langu linavuja pale kwenye mpira na nimekuwa nikilifunga kwa kamba tu.

Mgani, mitego nimeitumia, ukweli inakamata. Shida yangu ni kwamba jirani asipotumia naye, wanahama kwake wanakuja kwangu. Tulichofanya msimu uliopita ni kununua kwa kikundi, watu wa mfereji mmoja, tukawekewa bei ya jumla. Dada wa Ilula, ukiweza kuuza kwa kikundi namna hiyo, bei inapungua na nyote mnapiga siku moja.

MamaPembejeo_Ilula

Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Hilo la kikundi limenifungua macho, nitaongea na mwenyekiti wa skimu ya umwagiliaji Jumapili baada ya kanisa.

Nimeshatoa katoni zote shelfuni na kuzifungia stoo. Nimeangalia namba mojamoja: mojawapo haina namba kabisa, ina mabano tupu. Hiyo nimeipiga picha. Leo vijana wawili wamekasirika wakaondoka, mmoja amebaki, nimempasulia jani nikamwonyesha kiwavi. Alikuwa hajawahi kumwona akiwa ndani. Amenunua glovu na mtego mmoja wa kujaribia.

Sasa Mgani, huo mzigo wa stoo niufanyeje? Mume wangu anashauri tuchimbe shimo nyuma ya nyumba.

MganiMstaafu

Usichimbe. Ilula kuna visima, na dawa ikishuka huko huwezi kuifuata. Usichome, moshi wake ni sumu, wala usimwage mferejini.

Iache kwenye chupa zake na lebo zake, mbali na chakula na nguo, stoo iwe na kufuli na hewa. Andika barua mbili zenye orodha ya bidhaa, idadi, namba za toleo na tarehe za kununulia: moja kwa msambazaji ukimtaka achukue mzigo wake, nakala kwa ofisi ya TPHPA ya kanda yako na kwa afisa kilimo wa halmashauri ya Kilolo. Ambatanisha risiti, na ile picha ya chupa isiyo na namba iweke ya kwanza. Pata mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, uitunze dukani. Msambazaji akija kuchukua, asaini idadi kabla katoni hazijapanda kwenye gari.