Kutoka Pemba kwenda Kanada na kazi ya uinjinia: sahihi kwanza, tiketi baadae

Kutoka Chake Chake

Assalaam alaykum ndugu zangu mlioko nje, na shikamooni wakubwa wote.

Mie ni injinia wa umeme, nimesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka wa tano huu niko kazini hapa Pemba. Safari ya Kanada nshaianza, IELTS (mtihani wa Kiingereza) nshafanya, transkripti naisubiri chuo waitume WES, wale wanaolinganisha vyeti vya nje na vya Kanada. Mke wangu yuko tayari ila mama kila siku ananiuliza, huko utakuwa injinia kweli au unakwenda kubeba maboksi kama mtoto wa fulani? Jibu sina. Naomba aliyepita njia hii aniambie ukweli, kitu gani nimalize kabla sijaondoka.

Jibu kutoka Mississauga

Waalaykum salaam, marhaba mdogo wangu.

Suali la mama yako ndilo suali lenyewe, mwambie nimemsikia. Mie maboksi nimeyabeba, ghala moja Brampton, huku huku Ontario, zamu ya usiku, mwaka mzima na zaidi, na hapo nina shahada na miaka sita ya kazi Pemba. Nlifika 2018, leseni ya uinjinia nimeipata 2024. Miaka sita hiyo isikutishe, sehemu yake kubwa ni makosa yangu mwenyewe na wewe bado una nafasi ya kutoyafanya, ndio maana nakaa naandika usiku huu watoto washalala.

Kwanza utenganishe vitu viwili ambavyo kule nyumbani tunavichanganya. Uhamiaji ni mlango mmoja na leseni ni mlango mwengine kabisa. WES wakishasema shahada yako ni sawa na ya Kanada hiyo inakusaidia kwenye pointi za Express Entry, ule mpango wa uhamiaji wa Kanada, basi, bodi ya mainjinia haiichukui hiyo ikakupa leseni, wao wanaanza kukuangalia upya. Na bodi ni ya kila jimbo, ukikaa Ontario ni PEO, ukienda Alberta ni APEGA. Bila ya leseni huruhusiwi hata kujiita injinia, jina lenyewe linalindwa na sheria, kwahiyo usije ukajiandika hivyo kwenye LinkedIn siku ya pili baada ya kushuka ndege. Kazi za kuchora, za kukadiria gharama, za kusaidia mainjinia unaruhusiwa kufanya, na wengi wetu ndipo tulipoanzia.

Mie nlipokuja kanuni ya Ontario ilikuwa inataka angalau miezi 12 ya kazi ndani ya Kanada, chini ya injinia mwenye leseni. Hapo ndipo watu walipokuwa wanakwama, kampuni inataka leseni, leseni inataka kampuni. Mei 2023 PEO wakaiondoa ile kanuni. Sasa wanataka miezi 48 ya kazi ya uinjinia na inaweza kuwa ya popote, hata Konde, hata Mkoani. Wewe miaka yako mitano hapo Pemba inahesabika. Lakini inahesabika ikiwa unaweza kuionesha, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri.

Hawataki barua ya mwajiri inayosema fulani alikuwa mfanyakazi mzuri mwenye nidhamu. Wana mambo 34 waliyoyagawa katika mafungu saba, na kila moja unaandika kisa cha kazi uliyoifanya wewe: hali ilikuwaje, ulichukua hatua gani, yakatoka matokeo gani. Halafu kila kisa kinakuwa na shahidi, mtu aliyekuwa akiisimamia ile kazi na anaijua kiufundi, analetewa kiungo kwenye imeli anathibitisha mwenyewe.

Sasa mie kisa changu cha kwanza nliandika transfoma moja ya kVA 100 upande wa Wete, kila Ramadhani karibu na futari inakata, fyuzi inaungua, watu wanafuturu gizani. Nkaandika "tulichunguza tatizo na tukalirekebisha". Kikarudishwa. Waliuliza suali moja tu: nani alichunguza? Wallahi nlikaa nikaitazama ile sentensi muda mrefu. Sisi tumelelewa kwamba mtu hajitaji, ukisema "mimi nilifanya" watu barazani wanatazamana. Tunasema tulifanya, hata kama ulikuwa peke yako juu ya ngazi. Kule ukisema tulifanya wanaelewa wewe ulikuwa umeshika tochi.

Nikaandika upya. Mimi nlikwenda saa kumi na mbili na robo jioni na klampu mita, kile kipimo cha kushika waya, mimi nlipima fezi tatu, yaani zile njia tatu ambazo transfoma inagawia umeme, moja nikakuta inabeba ampea 190, ya pili 85, ya tatu 70. Transfoma ya ukubwa ule haitakiwi kuzidi ampea 144 kila fezi. Kwahiyo transfoma haikuwa ndogo kama walivyokuwa wanasema wote, mzigo ndio ulikuwa umelalia upande mmoja kwa sababu kila nyumba mpya ikijengwa fundi anaunga kwenye waya ulio karibu na mkono wake. Mimi nkachora nyumba zipi zihamishwe, mafundi wakazihamisha, fezi zote zikashuka zikawa zinakaribiana na 115. Ramadhani iliyobakia haikukata tena. Hicho kikapita.

Lakini vipimo vile nlivipata wapi baada ya miaka? Nlivipata kwa bahati. Nlikuwa na kaunta buku ya jalada jekundu naandika kila siku mambo ya kazini, nikaiacha kwa dada yangu, yeye akawa anaandikia mahesabu yake ya mandazi kurasa za nyuma. Akanipigia picha ukurasa kwa ukurasa kwa WhatsApp. Kurasa zilizolowa mafuta ndizo sikuweza kuzisoma na hizo ni kazi za mwaka mzima zimepotea, hazikuhesabiwa.

Na mashahidi ndio mtihani mkubwa zaidi. Msimamizi wangu mmoja keshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na sahihi yake sikuwahi kuichukua. Wa pili keshastaafu, mzee wa watu hana imeli, ikabidi mpwa wake Chake amfungulie, amkalishe pembeni, amsomee na kumtafsiria maneno aliyokuwa hayafahamu, mie huku nasubiri kwenye simu saa tisa ya usiku. Ilichukua miezi minne kwa shahidi mmoja tu. Kila nikikumbuka najilaumu, mtu alikuwa meza ya tatu kutoka kwangu miaka yote ile.

Kwahiyo mdogo wangu kabla hujakata tiketi, kaa uandike miradi yako kumi au kumi na miwili, kwa "mimi", na vipimo, na tarehe ya kuanza na kumaliza. Mpelekee msimamizi wako akiwa bado anakumbuka. Aweke sahihi kila ukurasa, upate imeli yake ya binafsi, ile ya ofisi siku akihama inakufa. Na kama hujajisajili ERB, bodi ya usajili wa mainjinia hapo Tanzania, jisajili, maana waliopitia ule mpango wao wa mafunzo kazini wa miaka mitatu, SEAP, wana ripoti zilizosainiwa tayari. Mie nliudharau nikaona ni makaratasi ya bure. Wenzangu waliokuwa nazo walifungua faili tu.

Jambo jengine ni majina. Sisi tuna jina lako, la baba na la babu, wao wanataka jina la ukoo, kwahiyo la babu ndilo linakuwa jina lako. Sasa angalia cheti cha kuzaliwa, cha skuli, cha chuo na paspoti, herufi kwa herufi. Mie kimoja kilisema Khamis chengine Hamis, na kwao hao ni watu wawili. Rekebisha hapo hapo Zanzibar, hati ya kiapo mbele ya wakili na usajili wa matukio ya kijamii, ukishafika huku kila kitu kinatumwa kwa barua na kinakula miezi. Na kama una mkopo wa elimu ya juu zungumza na bodi ya mikopo kabla hujaondoka, upate maandishi.

IELTS inadumu miaka miwili tu na tathmini ya WES inadumu mitano, wewe umeanza na IELTS kwahiyo usizubae.

Mitihani ipo. Ule wa sheria na maadili ya kazi, NPPE, ni maswali 110 kwa saa mbili na nusu. Sio mgumu kwa mwenye kusoma ila Kiingereza chake ni cha kisheria, soma pole pole. Na waliosoma nje kama sisi hupangiwa mitihani ya ufundi pia, kwahiyo vitabu vyako vya mwaka wa tatu usivigawe.

Nikuambie na kitu ambacho hukiambiwi na mtu. Umeme wa huku ni mwengine. Nyumbani volti 230 hezi 50, huku majumbani volti 120 hezi 60, na unene wa waya wanauhesabu kwa namba zao, namba ikikua waya unakuwa mwembamba. Hayo unajifunza wiki moja. Kinachoua ni mkono. Kwetu zile nyumba za zamani laivu, waya wenye umeme, ni nyekundu na mweusi ni nyutro, ule wa kurudisha, mikono yetu imekulia hapo. Huku mweusi ndio laivu, nyutro ni mweupe. Wiki yangu ya kwanza kwenye kampuni ya umeme tumeingia chini ya nyumba moja, boksi limefunguliwa, mie nazungumza huku mkono unakwenda wenyewe kwenye ule mweusi kuusogeza pembeni. Fundi mmoja mzee akanishika kifundo cha mkono akanitazama tu. Hakunipigia kelele. Akachukua testa yake akaugusa, ikawaka. Kichwani nlikuwa najua, nlishasoma, mkono ndio ulikuwa bado uko Wete. Tangu siku ile sigusi waya wowote kabla ya kuupima na nakuomba uanze mazoea hayo leo hapo ulipo.

La mwisho, usione haya na kazi ya Pemba. Kwenye intavyuu iliyonipa kazi yangu ya sasa waliniuliza mambo ya kawaida, naona wamechoka, nkawaelezea kisiwa kilichokuwa kinaendeshwa kwa majenereta ya dizeli pale Wesha mpaka 2010 ilipofika kebo ya baharini ya kilovolti 33 kutoka Tanga, na Unguja ilivyokaa gizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kebo yao ilipoharibika. Nkawaelezea unapangaje mzigo wa hospitali, pampu za maji na barafu ya wavuvi ukiwa na njia moja tu ya umeme na hiyo njia iko chini ya bahari. Waliweka kalamu chini. Wao wameyasoma kwenye vitabu, wewe umeyaishi.

Jibu kutoka Muscat

Salaam alaykum jamaa. Kaka wa Mississauga kasema kweli tupu, mie naongeza la huku Ghuba kwa sababu wengi wanaona Oman ni rahisi kwa vile ami yake yuko Ruwi hapa Muscat na Kiswahili anakisikia mpaka dukani. Kiswahili utakisikia kweli, na moyo unatulia. Lakini kwa injinia karatasi ni zile zile, na khasa cheti cha shahada lazima kigongwe mihuri, wizara ya mambo ya nje kwanza kisha uwakilishi wa Oman, na konseli wao upo hapo hapo Unguja kwahiyo fanya kabla ya kuondoka. Mie nlikuja bila, ikabidi cheti halisi kirudi nyumbani na mtu, nimekaa wiki tano roho juu. Na mkataba usome wa Kiarabu, sio wa Kiingereza peke yake, ukitokea ubishi wa Kiarabu ndio unaosomwa. Mie wa Kiingereza uliniandika injinia, wa Kiarabu fundi, na mshahara ukafuata Kiarabu.

Kutoka Chake Chake

Ahsanteni sana wakubwa zangu, nimemsomea mama yote mpaka ile ya waya mweusi, akasema huyo mzee aliyekushika mkono Mungu amlipe. Nimehesabu, wasimamizi wangu ni watatu, mmoja anastaafu mwezi wa sita, kwahiyo yeye ndio naanza naye. Jumamosi nakwenda kwake Gombani na laptop. Suali moja tu kaka, miradi niliyofanya na wenzangu wawili kwa pamoja, nao wanataka kuondoka, sote tukiandika "mimi" haitakuwa tumesema uongo?

Jibu kutoka Mississauga

Suali zuri sana hilo. Kaeni watatu kabla ya Jumamosi mgawane kwa haki: nani alipima, nani alipiga mahesabu, nani alichora, nani alisimamia mafundi. Kila mmoja aandike kipande chake tu na awataje wenzake kwa vipande vyao. Msimamizi akiona karatasi tatu zinakubaliana atasaini bila wasiwasi. Nitumie cha kwanza nikisome kabla hujampelekea, na kile kisa changu cha transfoma nitakutumia ukione kilivyokaa. Msalimie mama.