Mjadala: Je, ukimya wa Yesu mbele ya washitaki wake ni amri kwa kila Mkristo?

Wapo wanaofundisha kwamba Mkristo anayesingiziwa hana ruhusa ya kujitetea, kwa kuwa Isaya 53:7 ilimtabiri Mtumishi asiyefunua kinywa chake, na Yesu akalitimiza neno hilo. Napinga fundisho hilo, tena kwa uchungu, maana huwaelemea walioonewa: anayesingiziwa wizi huambiwa anyamaze kama Bwana, na aliyemsingizia haulizwi kitu. Tuyasome mahojiano yale yenyewe, aliyofanyiwa Yesu kabla ya kusulubiwa.

Kwa Anasi, mkwewe kuhani mkuu Kayafa, Yesu alijibu, na alipopigwa kofi alidai ushahidi: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya" (Yohana 18:23). Kwa Kayafa alinyamaza wakati mashahidi wa uongo walipokuwa wakipingana wao kwa wao. Lakini kuhani mkuu alipomwapisha kwa Mungu aliye hai aseme kama yeye ndiye Kristo, alijibu, ingawa jibu hilo ndilo lililomtia hatiani. Hapo pana uzito mkubwa, kwa sababu Mambo ya Walawi 5:1 inamhesabia uovu shahidi anayesikia sauti ya kuapishwa asiseme analolijua, na zaidi ya sheria hiyo, kunyamaza wakati ule kungesikika kama kujikana.

Ni mbele ya Herode, mtawala wa Galilaya, tu ambako hatusomi hata neno moja kutoka kinywani mwake. Herode alitamani kuona ishara (Luka 23:8), naye ndiye aliyekuwa akimsikiliza Yohana Mbatizaji kwa furaha, kisha akaamuru akatwe kichwa. Mtu wa namna hiyo hakukosa maelezo, na kwa maoni yangu ukimya ule ulikuwa hukumu juu yake.

Kwa Pilato, liwali wa Kirumi, alisema, akanyamaza, akasema tena liwali huyo alipojivunia mamlaka yake.

Najua nitaletewa 1 Petro 2:23, kwamba alipotukanwa hakurudisha matukano. Naipokea kwa moyo wote, lakini inachokataza ni kulipiza kisasi kwa ulimi, na kueleza ukweli mbele ya anayekuhukumu hakumo katika katazo hilo. Basi wanaoshikilia fundisho lile watujibu: Paulo, aliyejitetea mbele ya liwali Festo na kukata rufani kwa Kaisari (Matendo 25:8-11), alimwasi Bwana wake?