Nina Nikon D3200 na 18-55: niongeze lenzi ya 50, fleshi au tripodi?

kijana_wa_kibuli
Wakuu, salaam. Kamera ni D3200 ya mitumba na lenzi ni ile 18-55 iliyokuja nayo. Napiga watu: ndugu nyumbani, wachuuzi sokoni wakikubali, na sherehe za kwanjula (bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe, hapa Uganda). Picha zinatoka safi, hazitikisiki, lakini zote zimekaa kama za kitambulisho: mtu katikati, fleshi usoni, ukuta nyuma. Hela inatosha kitu kimoja tu. Ninunue 50mm f/1.8, fleshi ya nje au tripodi?

fundi_lenzi
Lenzi, ila soma hili kabla hujatoa pesa. D3200 haina mota ya kufokasi ndani yake. Ile 50mm f/1.8D inayopatikana kwa bei nafuu itaingia, na mwanga itapima, lakini kufokasi utazungusha pete kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S (ina mota yake ndani), yenye herufi G. Muuzaji akikwambia "zote ni Nikon, zinaingiliana", hajadanganya, amekupa nusu ya maneno tu.

Unachopata ni mwanga. Hiyo 18-55 ukiivuta hadi 50 inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kwa f/1.8 mwanga unaingia karibu mara 10. Sebuleni jioni, pale unapolazimika kupanda ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) hadi 3200, utapiga kwa ISO 400 na kasi ya shata ileile.

Unachopoteza ni kina. Kwa f/1.8 ukiwa mita 1.5 kutoka kwa mtu, sehemu inayoonekana sawasawa ina unene wa sentimita 6 hivi. Ukifokasi ncha ya pua, macho yako ukingoni na masikio yameshafifia. Kwa hiyo chagua nukta moja ya fokasi na uiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Ukiiachia kamera ichague kati ya zile nukta 11, mara nyingi itashika kilicho mbele zaidi: mkono, kikombe, ua la mezani. Watu wawili anzia f/4. Safu mbili za wakwe, f/8.

dada_wa_jinja
Nakubaliana na fundi kuhusu AF-S, kuhusu 50 hapana. Kihisio cha D3200 (kinachopokea picha) ni kidogo kuliko fremu ya filamu, hivyo 50 inaona kama 75. Kwa kichwa na mabega ni tamu. Ndani ya muzigo, nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, mgongo wako utagonga ukuta kabla hujampata mtu mzima. Kuna 35mm f/1.8G ya DX (ya kihisio kidogo kama chako), inayoona kama 52.

Usiamini yeyote kati yetu. Weka zoom yako kwenye 35, ifunge pete kwa seloteepu, piga wiki nzima bila kuigusa. Wiki inayofuata funga kwenye 50. Ile iliyokufanya urudi nyuma mpaka barabarani si yako.

mzee_wa_kanzu
Vijana, mnamuuzia mwenzenu vyombo wakati ugonjwa ameutaja mwenyewe: fleshi usoni, ukuta nyuma. Hilo halitibiwi na lenzi.

Kwanza zima hiyo fleshi ya juu ya kamera. Pili, mtoe mtu ukutani, angalau mita 2. Tatu, msimamishe mlangoni mwa duka au nyumba, hatua moja ndani ya kivuli, uso ukitazama nje, nawe uwe nje. Mwanga wa mbinguni utamwosha uso bila kumkunja macho, na giza la ndani litakuwa pazia la nyuma. Mgeuze kidogo, shavu moja liwe na kivuli. Uso unapata umbo hapo, hata kwa hiyo 18-55.

Sisi tuko karibu na ikweta. Saa 6 mchana jua liko utosini na macho ya watu yanakuwa mashimo. Jioni linashuka wima, halisitisiti kama Ulaya: mwanga mzuri ni kama dakika 40 kabla ya kuzama, kisha giza linaingia haraka. Panga mtu na mahali kabla, si wakati jua limeshakuwa jekundu.

Na angalieni ardhi. Murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, ikipigwa na jua inarusha rangi chini ya kidevu, gomesi (gauni la akina mama) nyeupe inageuka chungwa. Sogea kwenye nyasi au saruji.

bombo_fleshi
Mzee, mlango wa duka hauendi nao kwenye kwanjula. Pale kuna hema, na hema la buluu linafanya kila mgeni aonekane mgonjwa. Mizani ya rangi (white balance) haikuokoi kabisa kwa sababu pembeni unaingia mwanga mweupe: uso upande mmoja buluu, mwingine sawa. Hema jeupe ni zawadi, la rangi piga watu wakiwa ukingoni.

Kwa kazi za usiku mimi nasema fleshi. Lakini ukiilenga usoni umerudi kwenye kitambulisho. Geuza kichwa chake kwenye dari nyeupe au ukuta mweupe wa pembeni, shata isizidi 1/200, ISO 400 hadi 800, f/4, nguvu anzia 1/4. Dari ya mbao au hema la rangi litarudisha rangi yake, na paa refu la kanisa halitarudisha kitu. Betri ziwe za kuchaji. Zile za bei ya chini zinachelewa kujaza fleshi, na pete imeshavishwa.

Tripodi? Kwa watu, iache. Ni ya taa za Kampala kutoka kilimani baada ya jua kuzama: ISO 100, f/8, sekunde 4, VR (kituliza mtikisiko cha lenzi) imezimwa, kipima muda cha sekunde 2.

kijana_wa_kibuli
Asanteni. Nafunga seloteepu leo, fleshi ya juu nimezima. Mzee, swali moja: bwana harusi mwenye kanzu nyeupe, uso unatoka mweusi tii hata kivulini. Kwa nini?

mzee_wa_kanzu
Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Kanzu ikijaza fremu, inadhani mwanga umezidi na inapunguza. Weka A (unachagua tundu, kamera inachagua shata), shika kitufe cha +/- karibu na shata, zungusha gurudumu hadi +0.7, ukihitaji +1. Ukiwa kwenye M (unapanga yote mwenyewe) kitufe hichohicho kinabadilisha tundu la lenzi, usichanganyikiwe. Kisha kuza picha utazame kifuani: tarizi ya damu ya mzee ikianza kupauka, rudi +0.3.

fundi_lenzi
Na piga RAW (faili ghafi, si JPEG) siku hiyo. Uso wa giza kidogo unainuliwa baadaye, kanzu iliyoungua kwa mwanga haina cha kurudisha. Ukienda kununua lenzi nenda na tochi: imulike kutoka nyuma, tundu likiwa wazi kabisa. Vinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na unyevu wa Entebbe unaikuza. Vumbi chembe mbili tatu halina shida, chukua.

dada_wa_jinja
Hiyo seloteepu iwe ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Ya plastiki inaacha gundi kwenye pete.