Sauna ya kwanza nyumbani: ya mawe au ya infraredi?

Mkazi wa Ntinda: Ndugu zangu, nina stoo ya futi 6 kwa 5, kimo futi 7, ambayo ningependa kuigeuza sauna. Sijawahi kumiliki sauna. Nianze na ya aina gani?

Fundi wa Jinja: Ndugu, makadirio ya kawaida ni kilowati moja kwa kila mita moja ya ujazo, hivyo stoo yako, ambayo inakaribia mita 6 za ujazo, inahitaji jiko la mawe (la umeme, linalopasha mawe yanayomwagiwa maji) la kilowati 6, ambalo kwa volti 240 huvuta ampea 25, ilhali soketi ya ukutani mwisho wake ni ampea 13. Livutie waya wake peke yake. Nimewahi kukuta soketi iliyoyeyuka kama mshumaa kwa sababu mwenye nyumba alibania gharama ya waya.

Mama wa Mbarara: Sauna ya infraredi, inayopasha mwili moja kwa moja kwa mionzi ya joto, huishia nyuzi 45 hadi 60 na haili umeme mwingi, ila haimwagiwi maji, ya mawe hufika 70 hadi 100, na mvuke ule ndio utamu wenyewe. Jiko la kuni halijali umeme ukikatika, lakini lazima liwe na bomba la moshi.

Mkazi wa Ntinda: Asanteni. Na mbao za paini je?

Fundi wa Jinja: Zenye utomvu mwingi hunata zikipata joto, kwa hiyo chagua zisizo na vifundo, hasa za benchi. Vichwa vya misumari vizamishwe, la sivyo vitakuchoma mgongo.